Safari ya Kumpeleka Wifi Asiyejua Kusema Sitaki

Wenzangu wa kibaraza cha mafundi, sokoni Mwanga, nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu anataka kujua kwa nini niliaga siku chache nikapotea, yule anauliza mgeni wangu mwenye nywele ndefu mpaka kiunoni alikwenda wapi, na wateja ndio kabisa, wanauliza nguo zao kwa macho ya polisi. Basi naandika mara moja, msome wote, na mkimaliza asinijie mtu na "halafu ikawaje". Habari za tiketi siziandiki, hazina utamu.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Mdogo wangu Hamisi, yule baharia wa meli za mizigo, alioa Mfilipino huko alikozunguka. Anaitwa Rowena. Wanakaa Dar es Salaam na binti yao Tala, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaanza kulegea. Mama yetu anaishi kijijini, kusini huko ziwani, mbele ya Herembe, na mkwe na mjukuu alikuwa anawaona kwenye simu tu. Safari hii Hamisi akiwa melini, Rowena alipanda treni na mtoto mpaka Kigoma, nami nikaambiwa niwafikishe kwa Mama.

Lakini kazi yenyewe haikuwa hiyo. Mama alitaka Tala abaki kwake. Mimi Mungu hajanijalia mtoto, kwa hiyo Tala ndiye mjukuu wa kwanza, na kwetu mjukuu wa kwanza hulelewa na bibi. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi yangu Ujiji, mama yake baba. Mama alinitoa nikiwa na umri kama wa Tala, akabaki na Hamisi, na sijawahi kumuuliza kwa nini. Ndiyo maana nikienda kwake nakaa kama mgeni: nasalimia, nakula, siku ya pili nakumbuka cherehani yangu.

Hamisi alikuwa ameshamwambia Mama sawa. Kisha akanipigia mimi: "Dada, mwambie mwenzangu njiani, taratibu taratibu. Wewe unajua kuongea." Mnaona wanaume? Ameshindwa kumwambia mke wake wakiwa wawili chumbani, mimi ndiye nikamwambie kwenye boti mbele ya magunia.

Mwanga mpaka Ujiji

Siku waliyofika niliwapikia ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, samaki mnono anang'aa. Tala alikula. Rowena nikamkaribisha, akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema, "Busog pa ako, Ate. Bado nimeshiba." Ate ni dada mkubwa kwa lugha yao. Wengine mngembembeleza. Mimi mnanijua, nikiambiwa nimeshiba naondoa sahani. Nikaondoa.

Asubuhi Tala akaniambia, "Shangazi, tumbo la mama lilikuwa linaongea."

Nilikasirika, siwafichi. Nikamwuliza Rowena, "Wifi, si ulisema umeshiba?"

Akaona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini kinafika. "Ate, kwetu mtu akikaribishwa mara ya kwanza hakubali. Atasema nimeshiba. Unamkaribisha tena, anakataa kidogo. Unamkaribisha tena, anakula."

"Na mimi ningejuaje?"

"Kwetu kila mtu anajua," akasema. Nikampa migebuka na chai hiyo hiyo asubuhi, nikamsimamia mpaka mifupa.

Ujiji tulifika mapema, na boti ikatuweka. Jamani, boti ile! Nahodha alikuwa anamsubiri mtu wa magodoro. Mtu wa magodoro alikuwa anamsubiri mtu wa mkokoteni. Mimi sijui kukaa bure. Nilizunguka mchangani, nikahesabu mizigo isiyo yangu, nikagombana na mwenye mbuzi. Mwisho nikamwambia Rowena anifundishe Kifilipino. Akasema kinaitwa Kitagalogi, na akaanza na salamu.

"Salamu kila mtu anajua," nikamwambia. "Nifundishe kukataa." Nilikuwa na sababu zangu. Mteja akiniletea kitambaa cha pazia anataka kishonwe suti, nitamkataa kwa Kitagalogi na tutaachana kwa amani.

Akacheka. Mwalimu wa kwanza akawa Tala, maana mchuuzi alimsogezea mayai ya kuchemsha, na mtoto akayasukuma kwa mikono miwili. "Ayoko!"

"Ndiyo hiyo," Rowena akasema. "Ayoko. Sitaki. Na pia sipendi. Yote mawili yamo humo."

Nikalipenda neno hilo papo hapo. Akanipa na mengine: hindi, hapana; huwag, usifanye, ambalo siku ile lilimwangukia Tala kila alipokaribia maji; na kwa mchuuzi, ili usimuudhi, hindi na, salamat, yaani hapana, asante. Nikalijaribu kwa mwenye mayai. Akajibu, "Sawa dada, mawili basi?" Kumbe wachuuzi hawasikii kwa lugha yoyote.

Ujiji mpaka Sunuka

Mtu wa magodoro alipofika, jua lilikuwa limeshapanda na upepo umeamka. Tulikaa juu ya magodoro yake, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwake. Pembeni yetu alikaa Mama Shukuru, mama mnene wa Sunuka anayefanya biashara ya dagaa, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo huko Kongo.

"Mgeni huyu ni wa wapi?" akauliza.

"Ni wifi yangu. Mfilipino."

"Nywele zake mwenyewe?"

"Zake."

Akazishika. Rowena akatabasamu.

Tala alimfundisha Mama Shukuru ayoko, naye akalisambaza boti nzima. Anayepewa karanga, ayoko! Anayeombwa asogee, ayoko! Nahodha alipokuja kukagua tiketi, watu wote kwa pamoja, ayoko! Hata mbuzi nadhani alisema. Nilicheka na wenzangu, lakini si kwa raha. Kila nikimwangalia Tala nakumbuka nilichotumwa. Nafungua mdomo, naufunga. Nasema ngoja tupite Ilagala. Tunafika Ilagala, nasema ngoja washuke watu.

Mwisho nikajilazimisha. "Wifi," nikasema, "kuna jambo. Mama ni mtu mzima, yuko peke yake. Kwetu mjukuu wa kwanza hukaa na bibi. Hata mimi nilikaa. Hamisi amekubali. Mama anaomba Tala abaki, asome huko huko, nanyi mje likizo."

Rowena hakushtuka. Alimvuta Tala karibu, akaanza kumtengeneza kola ya gauni ambayo haikuwa na kasoro, na mnajua mimi kola naziona. Kisha akaniangalia, akatabasamu.

"Tingnan natin, Ate," akasema. "Tutaona."

"Lakini unakubali?"

"Siguro. Labda." Na tabasamu lile lile, zuri.

Nikashusha pumzi. Niliogopa machozi, niliogopa kelele, na mwenzangu ametabasamu! Mtandao ulikuwa bado unashika, nikampigia Mama hapo hapo. "Mama, nimemwambia. Amekubali." Mama alipiga kigelegele kwenye simu mpaka Mama Shukuru akakijibu bila kujua ni cha nini.

Sunuka, tulipokwama

Injini ilizima tukiwa tunaiona Sunuka. Wakavuta kamba, ikakohoa, ikanyamaza. Tulisogezwa ufukweni kwa makasia na matusi. Nahodha akasema kifaa lazima kitoke Ujiji, kitakuja na boti inayofuata. Inafuata lini? "Inshallah," akasema, na hapo nikajua tumelala.

Mama Shukuru akatuchukua nyumbani kwake. Mungu ambariki, alitupa chumba chenye harufu ya dagaa na roho nyeupe. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Alipoleta ugali na maharage na Rowena akasema busog pa ako, nikamwambia, "Kula." Akasema amekula kidogo kwenye boti. Nikamwambia, "Kula, wifi." Akasema basi kidogo tu. Akamaliza sahani. Mama Shukuru akaniangalia kwa mshangao, anadhani mimi ni wifi mkali. Nikaona nimeshaijua lugha yao, nikajipongeza.

Kesho yake Mama Shukuru akamwambia Rowena, "Mgeni, leo nakusuka. Nywele hizi haziwezi kuondoka Sunuka hivi hivi."

"Mamaya na, Mama," Rowena akasema. "Baadaye." Akatabasamu.

Mchana Mama Shukuru akaja na kitana. Rowena akasema amechoka kidogo, labda kesho. Tabasamu. Kesho yake tumemaliza chai tu, mama wa watu kaja na kitana, mafuta na mkeka, na majirani wawili wa kutazama. "Jana uliahidi," akasema.

Rowena akakaa. Mama Shukuru akambana kichwa katikati ya magoti, akaanza. Wasukaji wa huku mnawajua, wanavuta kana kwamba wanang'oa muhogo. Rowena alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa namenya ndizi, sina habari. Ndipo Tala akatoka nje, akamwona mama yake, akaja mbio na kuusukuma mkono wa Mama Shukuru.

"Ayaw ni Mama!" akapiga kelele. Kisha kwa Kiswahili, akilia: "Mama hataki! Amesema hataki!"

"Amesema saa ngapi?" Mama Shukuru akauliza, mkono hewani. "Amesema baadaye."

Nikamtazama Rowena usoni. Machozi yalikuwa yanatoka, na tabasamu bado lipo. Tabasamu lile lile. La kwenye magodoro, alipokuwa anatengeneza kola isiyo na kasoro.

Nikaweka chini kisu cha ndizi.

Nilimchukua Rowena mpaka kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, nikamkalisha. "Wifi, niambie ukweli. Ukisema baadaye, maana yake nini?"

"Baadaye," akasema. Akafuta macho. "Au hapana."

"Na labda?"

"Mara nyingi hapana."

"Na tutaona?"

Akaokota dagaa aliyeanguka, akamrudisha kichanjani.

"Ayoko umeiweka wapi? Si umenifundisha ayoko?"

"Ate, ayoko ni ya mtoto. Ya mtu wako wa karibu kabisa. Mtu mkubwa, mtu aliyekukaribisha nyumbani kwake, huwezi kumrushia ayoko usoni. Hata ukiweka po mwishoni, neno la heshima, bado ni nzito. Unasema tutaona, na yeye anaelewa, haulizi tena. Hapo hakuna aliyeumia. Kuuliza tena ndiyo vibaya." Akatafuta neno. "Hiya. Aibu kubwa."

"Sisi tunasema haya," nikamwambia.

"Basi unajua," akasema.

Nilitaka kumgombeza, nikaacha. Maana nilijikumbuka kwenye cherehani. Mteja akileta kazi nisiyoitaka, mimi namwambia nini? Njoo kesho. Akija kesho, njoo Ijumaa. Nyote hapo kibarazani mnasema hivyo, na wateja wazoefu wakisikia Ijumaa wanachukua kitambaa chao wanaondoka kwa amani. Miaka yote hiyo nakataa watu kwa tabasamu, halafu nikashindwa kuitambua kazi yangu mwenyewe ikifanywa na mwingine!

"Na Tala je?" nikamwuliza. "Kuhusu Tala niambie wazi."

Akatazama ziwa. "Tutaona, Ate," akasema.

Nilikimbia kutafuta mtandao. Nilipanda kile kilima cha nyuma ya kijiji, nikainua simu, nikasimama juu ya jiwe. Hakuna kitu. Kwa Mama napo mtandao ni wa kubahatisha, mpaka atoke nje asimame karibu na choo. Nikamwona Mama akilini: anafagia, anawaambia majirani, anaandaa. Kwa neno langu! Nilishuka kilimani nikiwa nimekasirika, na wa kumkasirikia hayupo. Mama Shukuru akanipa uji. Nikamwambia ayoko. Hakucheka.

Sigunga, Herembe na mbele

Kifaa kilifika, injini ikawaka, tukaondoka. Kipande hiki sina cha kuwasimulia, maana sikukiona. Sigunga walishuka watu, Herembe walipanda wengine, mwenye mbuzi alishuka bila kuaga. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa ya boti, begi mapajani, nikiisukuma boti kwa moyo. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nishuke wa kwanza, nimkimbilie Mama, nimwambie sikioni kabla hajafungua mdomo mbele za watu.

Hamjaona mpango ukiharibika vile. Tulipozunguka lile jabali, nikaona kanga. Wanawake wa kijiji kizima wako ufukweni, wanapiga makofi, wanaimba. Mama aliingia majini na nguo zake. Kabla sijashusha mguu, Tala alikuwa ameshabebwa.

"Mwakeye! Mwakeye!" wakatuamkia kwa Kiha. Rowena alipofika mbele ya Mama, akauchukua mkono wake, akainama, akauweka kwenye paji la uso wake. Hivyo ndivyo wanavyowaamkia wakubwa kwao.

Mama akanigeukia kwa hofu. "Zai, ana homa?"

"Hana homa, Mama. Ni shikamoo yao."

Mama akaugusa tena uso wa Rowena, taratibu, kwa mapenzi. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba sana. Ahsante kwa kuniletea." Nikataka ardhi ipasuke.

Kwa Mama

Siku ile haikuwezekana. Watu waliingia, watu walitoka, kuku walichinjwa. Kila nikimvuta Mama pembeni, anaitwa. Rowena alisifiwa, alilishwa, alitabasamu.

Asubuhi yake Mama akatuita ndani. Alikuwepo na Mama Mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, mwanamke ambaye midomo yake haijawahi kupumzika. Mama akasukuma mlango wa chumba kidogo. Jamani! Kulikuwa na kitanda kifupi cha kamba, kipya, mbao bado zinanukia. Mto mdogo alioushona mwenyewe kwa mkono, na mishono imepinda kwa sababu ya macho. Sare ya shule ikining'inia ukutani.

"Ang ganda," Rowena akasema kwa sauti ndogo. "Nzuri sana, Mama." Akaanza kumtengeneza Tala kola.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, hajakubali."

"Nani?"

"Rowena. Mimi nilikuambia amekubali, nilikosea. Sikumwelewa."

Mama akaniangalia kama mtu aliyepigwa kikumbo. Kisha akamgeukia Rowena. Hakuwa na hasira, alikuwa na woga. Mama yangu, na woga! "Mwanangu," akasema, "mtoto unaniachia, au huniachii?"

Rowena akainamisha kichwa, akatabasamu.

"Haya, kanyamaza," Mama Mdogo akasema, akijipigapiga mapajani. "Kakubali huyo. Zai, acha kumsemea mwenzako."

Hapo nikasimama. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya Rowena, nikamshika mikono. "Wifi, hapa hakuna anayeelewa tutaona. Mimi nisingeelewa kama si nywele zako. Sema kama anavyosema Tala. Mimi niko hapa."

Tala akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi. Nje jogoo mmoja aliyenusurika jana alikuwa anajisifu. Nilidhani hatasema.

"Ayoko po," Rowena akasema. Tabasamu lilikuwa limekwisha, na niliuona uso wake halisi kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni. "Sitaki, Mama. Samahani. Nakupenda, nakuheshimu. Tala nitamleta kila likizo. Kumwacha, sitaki. Sitaki."

"Makubwa!" Mama Mdogo akaruka. "Mkwe anamwambia mama mkwe wake sitaki! Mchana kweupe!"

"Nyamaza," Mama akasema.

Akakaa kwenye kile kitanda kidogo. Kamba zikalia. Akawa analainisha ule mto wenye mishono iliyopinda, kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa.

"Siku walipokuja kumchukua Zai," akasema, na hakuwa anamwambia mtu, "waliniuliza hivi hivi. Baba yake alikuwa amekaa pale, bibi yake pale. Mkwe utasemaje? Kwetu kuna oya, yaani hapana, kila mtoto anaijua, lakini mkwe haitamki. Nikainamisha kichwa. Nikatabasamu. Bibi yake akasema, kakubali."

Mama Mdogo alikuwa ameacha kujipigapiga mapajani.

"Ulikuwa umeshika pindo la kanga yangu," Mama akaniambia, sasa ananitazama. "Ilibidi wakubandue vidole, kimoja kimoja. Nikasema moyoni, sawa, siku moja nami nitaletewa wangu. Nimekaa nasubiri zamu yangu."

Wenzangu, nilivitazama vidole vyangu. Utu uzima wangu wote nilidhani alinitoa kwa sababu Hamisi ndiye aliyemtaka. Nilikuwa nakaa kwake siku mbili naondoka, nikiona ndiyo stahili yake. Nililia, nililia vibaya, na kamasi juu, na Tala akaja kunipangusa kwa gauni lake.

Mama akasimama, akatoa ile sare ukutani, akaikunja. Akamwendea Rowena, akamwekea mkono kwenye paji la uso, kama alivyojifunza jana ufukweni. "Umesema vizuri," akamwambia. "Kitanda kitabaki. Kila likizo, umesema mwenyewe."

"Opo," Rowena akasema. Hiyo ni ndiyo, ile ya heshima. Safari hii niliamini.

Boti ya kurudi

Tulikaa siku kadhaa, na zilikuwa nzuri. Tala alimfundisha bibi yake ayoko, na bibi akawa anamjibu nayo kila akiombwa sukari. Rowena alipika wali wa kukaanga na vitunguu swaumu vingi, Mama Mdogo akasema hali vitu vya kigeni, akakaribishwa tena, akakataa kidogo, akakaribishwa tena, akakomba sufuria.

Siku ya boti tukashuka wote ufukweni. Mama Shukuru alikuwemo humo ndani, anapeleka dagaa Ujiji, na sauti yake tuliisikia kabla ya injini. Aliahidi kutusindikiza sote mpaka treni, na kutogusa nywele za mtu. Rowena akamkumbatia Mama. Tala akapakiwa, akapewa sehemu nzuri juu ya magunia.

Mimi kawaida ndiye wa kwanza kupanda. Mama analijua hilo, akawa ameshanishikia begi, ananisogezea. Alikuwa anatabasamu.

"Haya mwanangu, usije ukachelewa," akasema. "Cherehani inakusubiri."

Nililitazama tabasamu lile. Maji yalikuwa yananifikia vifundoni. Nahodha alikuwa anapiga kelele nipande au nitoke, ana safari.

"Ayoko po, Mama," nikamwambia.

Hakuuliza maana yake, alishafundishwa na mjukuu. Alilibeba begi langu yeye mwenyewe, akageuka, akaanza kupanda njia ya nyumbani. Nikamfuata, na mtu mzima mimi, nikashika pindo la kanga yake.